Pua Kwanza, Maji Baadaye

Mbwa anayerudia kunuka siku ya pili baada ya kuogeshwa hakukosa sabuni. Aliogeshwa mgongo, na uvundo unatoka sikioni. Au alisuguliwa mwili mzima akapuliziwa na manukato, kumbe jino la nyuma limeoza, na kila anapojiramba anayapaka manyoya yake harufu ile ile upya. Mwenye mbwa hubadilisha shampuu, hununua ya bei zaidi, huanza kuogesha kila baada ya siku mbili. Ngozi inakauka, inawasha, mbwa anajikuna mpaka anajitoa vidonda, na vidonda navyo vinaanza kunuka. Sasa uvundo una vyanzo viwili badala ya kimoja.

Ndiyo maana napenda kumtazama kazini mama mmoja wa upande wa Kabete, pembezoni mwa Nairobi, anayeogesha mbwa wa watu kwa malipo. Jiji lina saluni za mbwa zenye vioo na maji ya moto ya bomba, na lina vijana wanaozunguka lango hadi lango na vifaa vyao kwenye buti la gari. Huyu hana kioo wala gari. Ana kibanda cha mabati uani, meza ya mbao iliyotandikwa mpira ili kucha zisiteleze, mapipa ya maji kwa kuwa mfereji haufunguki kila siku, sufuria kubwa jikoni, na blowa ambayo ndiyo mali yake ya thamani kuliko zote. Wateja humwita Mama. Yeye huwaita mama, mzee au kijana kwa kadiri ya umri wao, na mbwa wote, dume kwa jike, huwaita "baba".

Mteja akifika, neno la kwanza huwa sabuni. "Mama, leo tumia ile kali." Mama hajibu. Anampandisha mbwa mezani, anamwacha asimame mpaka pumzi zitulie, halafu anamnusa.

Ananusa kwa mpangilio. Mdomo, sikio la kushoto, sikio la kulia, shingo chini ya mkanda, makwapa, mikunjo ya tumbo, katikati ya vidole, chini ya mkia. Mgongo, ambao ndio watu wote husugua kwa bidii, anaupitia mwisho, na mara nyingine haupitii kabisa. Kazi hii mwenye mbwa hawezi kujifanyia hata akitaka, maana pua huzoea. Ukikaa na harufu moja chumbani kwa muda mfupi tu, pua inaacha kukuarifu. Aliyeishi nayo miezi anachojua ni kwamba wageni wanakunja uso na kochi halikaliki. Akiulizwa inatoka wapi, husema "mwili mzima". Mama hakubali jibu hilo. Kwake hakuna uvundo wa mwili mzima mpaka kila pembe ikaguliwe na kuonekana haina hatia.

Huanza kwa kuziweka kando harufu zisizo na ugonjwa. Mbwa hatokwi jasho mwilini kama sisi. Jasho lake liko kwenye nyayo, na manyoya yake hulainishwa na mafuta ya ngozi ambayo yana harufu yake. Mbwa mwenye afya ananuka mbwa, na anayetaka asinuke chochote amfuge samaki. Nyayo zikinuka bisi, hiyo ni kazi ya bakteria wa kawaida wanaoishi kwenye unyevu wa vidole, na Mama huwaambia wateja wasihangaike nayo. Akinyeshewa mvua atanuka zaidi, kwa sababu maji yanapopanda hewani huondoka na zile kemikali za vijidudu zilizokuwa zimetulia kwenye manyoya; akikauka, basi. Lakini nyayo zikinuka unga uliochacha, na manyoya ya katikati ya vidole yakawa yamegeuka rangi ya kutu kwa kulambwa usiku kucha, hapo husita, akavitanua vidole kimoja kimoja.

Masikioni ndiko anakokaa zaidi. Anazungusha pamba nyeupe kwenye kidole, anakifikisha mwanzo tu wa tundu, anakigeuza, anakitoa, anaisogeza pamba kwenye mwanga wa mlangoni. Pamba ikitoka na uchafu wa kahawia wenye mafuta, na harufu tamutamu ya hamira, anashuku kuvu. Wataalamu huiita Malassezia pachydermatis, na iko kidogo kidogo kwenye ngozi ya mbwa wengi wasio na ugonjwa wowote, ikisubiri joto, unyevu na mafuta ili iongezeke. Uchafu ukiwa mweusi, mkavu, wa chembechembe kama mashapo ya kahawa, hasa kwa mtoto wa mbwa anayejikuna bila kupumzika, anashuku wale wadudu wadogo wa sikio, Otodectes cynotis, ambao huambukizana mbwa na paka wa nyumba moja. Na pamba ikitoka na usaha wa njano au wa kijani, unanuka mpaka aliyesimama mlangoni anarudi nyuma, anaifunga kwenye mfuko, anavua glavu, na kumwambia mteja kwamba sikio hili leo ni la daktari.

Tundu la sikio la mbwa halifanani na letu. Linashuka wima, kisha linakata kona kuelekea ndani ya kichwa, na kiwambo cha sikio kiko mwisho wa kona hiyo. Kijiti cha pamba kinachosukumwa na mtu mwenye nia njema huishia kuushindilia uchafu kule chini. Mama hakitumii. Akiona sikio ni chafu tu, halina kidonda wala maumivu, hulijaza dawa ya kusafishia masikio ya mbwa, ambayo amekuwa akitembea nayo ndani ya mfuko wa aproni ipate joto la mwili, maana ya baridi humshtua mnyama. Halafu anakanda shina la sikio kwa dole gumba na kidole cha shahada, na huku anakanda anasikiliza. Ikisikika sauti ya majimaji, chwa-chwa, chini kabisa, anajua dawa imepinda kona na inaulainisha uchafu. Anaendelea kwa muda, anaachia, anageuza uso pembeni, na mbwa anaimalizia kazi mwenyewe: anatikisa kichwa na uchafu unaruka mpaka kwenye mabati. Unaobaki nje anaufuta. Mbwa aliyeinamisha kichwa upande mmoja, au anayepepesuka akitembea, hamtii kitu sikioni hata kwa malipo maradufu. Hizo ni dalili kwamba huenda ugonjwa umeshafika ndani na kiwambo kimetoboka, na dawa iliyo salama nje ya kiwambo inaweza kumdhuru ikipita upande wa pili.

Kuna sehemu ya kazi hii ambayo waandishi hawapendi kuitaja, na mimi nitaitaja kwa sababu ndiyo iliyonifanya nimheshimu. Kila upande wa tundu la haja kubwa mbwa ana kifuko kidogo kilichojificha kwenye misuli. Ukiwaza uso wa saa, viko penye 4 na penye 8. Vifuko hivyo hubeba majimaji ya kuweka alama, ambayo hutoka kidogo kidogo mavi magumu yanapopita na kuvikamua. Mavi yakiwa laini kwa muda mrefu, vifuko havikamuliwi, majimaji yanazidi kuwa mazito, na nyumba inaanza kunuka shombo la samaki ambaye hakuna aliyempika. Mbwa anaburuta makalio kwenye zulia, wenyewe wanasema ni minyoo, wanampa dawa ya minyoo, shombo linabaki palepale.

Mama huinua mkia kwa mkono wa kushoto, akapapasa kwa vidole viwili vya mkono wa kulia, glavu ikiwa imepakwa mafuta ya kulainisha. Mara nyingi hatua inaishia hapo. Vifuko havikujaa, anashusha mkia, anaendelea na mengine. Waoshaji wengi huvikamua kwa kila mbwa, kila safari, kwa vile huduma hiyo imeandikwa kwenye orodha ya bei. Na kukamua pasipo haja huwasha ngozi ile laini, ikavimba, na uvimbe ndio unaoziba njia. Vikiwa vimejaa kweli, huweka pamba pana juu, akabana taratibu kutoka chini kuelekea nje, bila papara, kichwa chake kikiwa mbali na mstari wa hatari. Pamba anaisoma hapa pia. Majimaji mepesi ya njano au kahawia hayamshtui. Yakiwa mazito na yanatoka kwa shida, humuuliza mwenye mbwa maswali ya chakula: anakula nini, mavi yakoje, ameongezeka uzito? Boga la kuchemsha lisilo na chumvi, vijiko viwili vitatu kwenye chakula, huwasaidia baadhi kwa kuyaongezea mavi ujazo. Kukiwa na damu au usaha, kazi imetoka mikononi mwake.

Mdomoni hatumii muda, kwa kuwa hakuna analoweza kulitibu huko. Mbwa mkubwa ana meno 42. Anainua mdomo wa juu na kulitazama lile jino kubwa la nyuma la kukatia nyama, ambalo liko karibu na mahali mate yanapomwagika na ndilo hukusanya ukoga mapema. Ukoga laini huondoka kwa mswaki, ikiwa mbwa amezoezwa tangu utotoni na dawa ya meno ni ya mbwa. Ile ya watu huenda ikawa na zailitoli, sukari bandia ambayo kwetu haina neno na kwa mbwa ni sumu. Ukoga ukishashika madini ya mate unakuwa jiwe. Kulikwangua jiwe hilo mbwa akiwa macho hung'arisha jino kwa nje na kuuacha uozo chini ya fizi, kwa hiyo Mama hakwangui. Akiona uvimbe chini ya jicho anajua kwamba huenda mzizi wa jino hilo umetunga usaha. Pumzi zikinuka mkojo, anawaza figo. Zikinuka utamu wa ajabu, ule wa dawa ya kufutia rangi ya kucha, anawaza kisukari. Hayasemi hayo kwa sauti. Anasema tu, "Baba huyu ampitie daktari kwanza," na safari si ndefu, kwa kuwa Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko huko huko Kabete.

Mpaka hapa maji hayajamwagika hata tone.

Na bado hayamwagiki, maana kuna chanuo. Nairobi inawapenda sana Japanese Spitz, wale mbwa weupe wadogo wenye manyoya ya kusimama, na inawapenda German Shepherd kwa ulinzi. Wote hao wana manyoya ya tabaka mbili: marefu ya nje, na chini yake sufi nzito iliyoshikana na ngozi. Sufi ikijifunga vifundo na vifundo vikalowa, vinakaza. Maji yanaingia chini yake na hayatoki, na ngozi inabaki mbichi kwa siku mbili tatu. Hapo ndipo harufu ya nguo iliyoloa ikasahauliwa kwenye beseni inapozaliwa. Kwa hiyo kila kifundo hufunguliwa kikiwa kikavu. Mama hushika manyoya pale yanapoota, vidole vikikaa kati ya chanuo na ngozi, ili mvuto uishie mkononi mwake badala ya mwilini mwa mbwa, na huanza kuchana kwenye ncha akirudi ndani. Kifundo kilichoshindikana hukikata. Chembe nyeusi zinazoanguka mezani huzikusanya kwenye karatasi ya chooni iliyoloweshwa. Zikibaki nyeusi, ni vumbi. Zikitoa rangi nyekundu inayosambaa kwenye karatasi, ni mavi ya viroboto, yaani damu ya mbwa iliyokwisha kusagwa, na mwenye mbwa huitwa aje kuona kwa macho yake.

Maji ni vuguvugu, yanapimwa kwa kiwiko. Penye viroboto, povu la kwanza huzungushwa shingoni, kama mkanda mnene, kabla ya sehemu nyingine yoyote. Viroboto wakihisi maji mgongoni hukimbilia kichwani, ndani ya masikio na kando ya macho, mahali ambapo sabuni haifiki. Povu la shingoni linazifunga njia. Kichwa husafishwa mwisho, kwa kitambaa, kwa sababu mbwa aliyelowa uso hujitikisa, na kutikisika kwake huanzia kichwani kukafuata mwili hadi mkiani. Mama akitaka kumzuia mbwa asijitikise, huishika pua yake kwa upole. Akitaka kumruhusu, huachia na kurudi hatua mbili nyuma. Wanasayansi wa Georgia Tech, Andrew Dickerson na David Hu, walichapisha mwaka 2012 utafiti kuhusu jinsi wanyama wanavyojikung'uta maji, wakaona kwamba mbwa mkubwa hujitikisa mara nne au tano hivi kwa sekunde, na kwamba kadiri mnyama alivyo mdogo ndivyo inavyombidi atikisike kwa kasi zaidi. Mama hajausoma. Lakini taulo lake la kwanza huwa haliguswi mpaka mbwa ajitikise mara ya pili.

Penye kuvu ya ngozi, daktari akishasema ni kuvu, shampuu inayotumika ni ya dawa. Ile iliyothibitishwa vizuri zaidi ina klorheksidini asilimia 2 na mikonazoli asilimia 2, na mbwa huogeshwa mara mbili kwa wiki kwa wiki tatu. Dawa hii hushindwa katika nyumba nyingi, na haishindwi kwa udhaifu wake. Inatakiwa ikae kwenye ngozi dakika 10 kabla ya kusuuzwa, na hakuna anayezisubiri. Mtu amechuchumaa bafuni, mgongo unauma, mbwa analia, maji yanapoa. Dakika ya pili ameshamwaga ndoo. Mama huiweka simu yake juu ya pipa, ikihesabu. Kwa muda huo wote mikono haikai. Vidole vinaingia makwapani, kwenye mikunjo ya kinena, chini ya kidevu, kati ya vidole, vinasukuma povu lifike kwenye ngozi yenyewe, na mdomo unazungumza na mwenye mbwa habari za bei ya unga na za mtoto aliyejiunga na sekondari. Mbwa husikiliza sauti ile ile isiyopanda wala kushuka na anasimama. Nimemwona German Shepherd aliyefungwa mdomo kwa kamba alipofika akisinzia kwa miguu minne katika dakika hizo. Simu ikilia, ndipo maji yanarudi, na kusuuza nako kunachukua muda zaidi ya kupaka, kwa sababu sabuni iliyobaki chini ya sufi huwasha.

Watu husifia kuogesha. Mimi kwa maoni yangu ufundi wenyewe uko kwenye kukausha, na kama ningepewa nafasi ya kumpima mwoshaji yeyote, ningefika mwishoni, mbwa akiwa tayari anaonekana mkavu. Manyoya ya nje hukauka upesi na kudanganya jicho. Mama hulikandamiza taulo, halisugui, kwa kuwa kusugua kunarudisha vifundo. Kisha blowa, kwa hewa ya nguvu iliyo na joto kidogo tu, mdomo wa mashine ukielekezwa kwenye ngozi kwa mshazari, na manyoya yanafunguka duara dogo dogo mpaka ngozi ya waridi inaonekana katikati. Duara hilo analisogeza polepole. Halivuki kwenda kwingine mpaka sufi iliyo chini yake iache kushikamana. Tumboni, nyuma ya masikio, chini ya shina la mkia, kwapani: humo unyevu hujificha, na humo huingiza mgongo wa mkono wake na kuusikiliza ubaridi, kwa kuwa sufi yenye maji huwa baridi hata ikionekana kavu. Spitz mmoja anaweza kumlia nusu ya asubuhi. Mwezi wa Julai, Nairobi ikiwa ya ukungu na baridi, hapokei mbwa wa manyoya mengi baada ya saa nane mchana, na mteja anayesema "atakauka tu kwenye jua" hujibiwa, "Jua gani, mzee?"

Vitu anavyovikataa ni vingi kama anavyovitumia. Sabuni ya mche na ya unga haziingii kwenye beseni lake. Ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko yetu, na magadi ya sabuni ya kufulia huiondolea mafuta yote kwa pamoja. Dawa za kusafishia sakafu, hapana. Dawa ya kupe ya ng'ombe iliyokadiriwa kwa macho kwenye ndoo, hapana kabisa: mbwa hujiramba, na anachojiramba anakimeza. Kuna wanaompaka mbwa mwenye ukurutu oili chafu ya gari, dawa ambayo bado husikika mitaani na mashambani; ukurutu hauponi, na mbwa anaugua kwa kuilamba na kwa kupenya kwake kwenye ngozi iliyochubuka. Siki iliyochanganywa na maji haipigii kelele, ila huuliza kwanza kama kuna mchubuko. Manukato huyacheka. Mbwa ana vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 200 puani, sisi tuna milioni tano au sita. Kumpulizia waridi usoni ili wageni wafurahi ni kumtendea jambo ambalo yeye hana namna ya kulikimbia.

Kisa kimoja tu humfanya aache mpangilio wake na kuanza na dawa moja kwa moja: mbwa wa shambani aliyekutana na kicheche. Mnyama huyo mdogo wa mistari myeusi na myeupe hurusha majimaji ya chini ya mkia, na harufu yake haiulizwi inatoka wapi. Amerika ya Kaskazini wana wanyama wao wa aina hiyo, na huko mwaka 1993 mkemia Paul Krebaum, aliyezoea kupambana na gesi za salfa maabarani, alitoa mchanganyiko unaofanya kazi: takriban lita moja ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, robo kikombe cha baking soda, na kijiko cha chai cha sabuni ya maji. Oksijeni huzigeuza kemikali za salfa zikawa kitu kisichonuka. Kabla yake watu walimwagia mbwa maji ya nyanya, wakazoea uvundo na kudhani nyanya imeuondoa. Mchanganyiko huo hutengenezwa papo hapo na unaobaki humwagwa, maana ukifungiwa kwenye chupa hutoa gesi na kuipasua. Usiingie machoni, na kwa mbwa mweusi ujue unaweza kumpausha manyoya.

Mbwa akiisha kukauka, mwenyewe huinama, hunusa, hutabasamu, hutoa simu alipe. Mama humzuia kidogo. Anataka kujua analala wapi. Mkanda wa shingoni ameshauvua tangu mwanzo. Wa nailoni ameuchemsha, wa ngozi uliofyonza miezi ya mafuta na mate ameuweka kando kwenye gazeti na hataki kuurudisha shingoni. Anaeleza kwamba viroboto wazima anaowaona ni wachache tu wa ukoo wao, waliobaki ni mayai na viluwiluwi vilivyomo kwenye godoro, nyufa za banda na chini ya zulia, hivyo kumtibu mbwa peke yake ni kuwachelewesha. Anaeleza pia jambo ambalo wateja hawapendi kulisikia: sikio au ngozi inayorudia kila baada ya miezi michache, hata ikisafishwa vizuri, kwa kawaida ina mzio nyuma yake, wa viroboto, wa vumbi au wa chakula, na kwa mbwa wa makamo anayenenepa na kunata mafuta huenda ni tezi ya shingo iliyolegea. Hayo hupimwa kwa damu na chini ya hadubini, na yeye hana vifaa vya vipimo hivyo. Anaandika kwenye kipande cha karatasi alichokiona: sikio la kulia, kahawia, hamira, vidole vya mbele, rangi ya kutu, vifuko, vitupu. Daktari aliyepata karatasi ya namna hiyo huanza kazi katikati.

Safari ya pili humtaka mteja alete blanketi la mbwa. Asiyelileta hurudishwa nyumbani kulifuata, mbwa akimsubiri mezani bila kuoga.